Treni Moja, Miji Miwili: Nilivyozunguka Ujerumani kwa Tiketi ya Euro 58

Kabla sijaondoka Unguja mwezi wa Mei 2025 nilipewa mashauri mengi kuhusu treni za Ujerumani, na yote niliyapokea kwa heshima, kwa sababu walioyatoa walikwishafika huko na mimi nilikuwa sijawahi. Mawili kati ya mashauri hayo yalikuwa mabaya, na hadi leo ninayasikia yakitolewa kwa wasafiri wengine kwa uhakika uleule. Ndiyo maana nimeona niandike nilivyosafiri mwenyewe kwa muda wa wiki tatu, kutoka Frankfurt hadi Bayreuth, Leipzig, Hamburg na Köln, kisha nikarudi Frankfurt, nikilala kwa marafiki na jamaa katika kila mji na bila ya kupanda treni ya kasi hata mara moja.

Shauri baya la kwanza lilikuwa kwamba ile tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, ni ya wakaazi tu na mgeni asijisumbue nayo. Si kweli. Tiketi hiyo ilianzishwa Mei 2023 kwa euro 49. Nilipokwenda mimi ilikuwa euro 58, na tangu Januari 2026 imefika euro 63. Kwa fedha hizo unapanda treni zote za mikoa, treni za mjini, za chini ya ardhi, tramu na mabasi nchi nzima kwa mwezi mzima wa kalenda, ila hairuhusiwi kwenye treni za masafa marefu, yaani ICE, IC na EC. Wauzaji wengi hutaka akaunti ya benki ya huko, lakini wapo wanaouza kupitia simu na kupokea kadi. Kadi yangu ilikataliwa mara mbili kwa sababu benki yangu ilikuwa haijaifungulia malipo ya mtandaoni. Nilikwenda tawini asubuhi, wakaifungua, na kabla ya adhuhuri tiketi ilikuwa ndani ya simu. Kuna jambo moja la kuangaliwa sana: huo ni mkataba unaojirudia, na usipousitisha kabla ya tarehe 10 utakatwa fedha za mwezi unaofuata. Mimi niliusitisha tarehe 6, mwenyeji wangu wa Bayreuth akinisomea Kijerumani neno kwa neno. Kwa kulinganisha tu, niliulizia nauli ya treni ya kasi kutoka Frankfurt hadi Hamburg kwa mtu anayenunua siku ileile ya safari, nikaambiwa ni zaidi ya euro 100, kwenda peke yake.

Shauri baya la pili alinipa mpwa wangu, ambaye alipita Ujerumani kikazi na ninampenda kama mwanangu. Aliniambia: "Shangazi, ukishaona jina la mji wako kwenye ubao wa jukwaani, panda, kaa, ulale. Treni za Wajerumani hazipotei." Treni kweli haikupotea. Nilipotea mimi, na nataka nieleze ilivyokuwa hatua kwa hatua, kwa sababu sijamwona mtu aliyelieleza jambo hili vizuri kwa lugha yetu.

Kutoka Frankfurt nilipanda treni ya mkoa hadi Würzburg na kuendelea hadi Bamberg, safari nzuri ya kupita kwenye vilima vya mizabibu, nami nikiwa na begi moja dogo na mfuko wa karafuu, iliki na mdalasini wa kuwapelekea wenyeji wangu. Bamberg nilibadilisha treni. Ubao wa jukwaani ulionyesha majina mawili, Bayreuth na Hof, nikafahamu, kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefahamu, kwamba treni inapita mji mmoja kwanza na kumalizia mji wa pili, kama daladala inavyoandikwa majina ya njia yake. Nikaingia katika mabehewa ya mbele kwa sababu yalikuwa karibu na ngazi na kijana mmoja muungwana alikwishanipokea begi. Nikakaa, nikakumbuka maneno ya mpwa wangu, nikatoa chupa yangu ya chai.

Tukafika mahali panapoitwa Neuenmarkt-Wirsberg. Treni ikasimama muda mrefu kidogo kuliko vituo vingine, likatolewa tangazo refu ambalo sikulielewa, na watu kama wanne wakashika mizigo yao, wakateremka kwa haraka, wakakimbilia mabehewa ya nyuma. Nilidhani wamekosa nafasi za kukaa. Kisha nikasikia mshituko mdogo chini ya miguu yangu, kama gari linalofunguliwa tela, na treni ikaondoka, ikaanza kupanda mlima. Mlima huo ni maarufu sana kwa Wajerumani wapenda reli. Unaitwa Schiefe Ebene, ni njia ya kiasi cha kilomita saba iliyokamilika mwaka 1848, yenye mwinuko wa mita moja kwa kila mita 40, na enzi za mvuke treni nzito zilihitaji injini ya pili ya kuzisukuma kutoka nyuma. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilikuwa nikitazama misitu na kumshukuru Mungu kwa uzuri wa nchi za watu.

Simu ikalia. Alikuwa rafiki yangu wa Bayreuth, tuliyesoma pamoja na ambaye sasa anaandika tasnifu yake ya udaktari huko. "Shoga, treni imefika, watu wote wameteremka, wewe uko wapi?" Nikamjibu kwamba mimi niko ndani ya treni hiyohiyo na bado inakwenda. Tukanyamaza wote wawili.

Mkaguzi wa tiketi, mama wa makamo mwenye upole mwingi, ndiye aliyenifumbua macho. Alichukua kalamu, akachora mstari mmoja nyuma ya bahasha yangu, kisha akaugawa mbele uwe mistari miwili kama panda ya manati. Mkono mmoja akauandika Hof, wa pili Bayreuth, na pale mikono inapoachana akaandika Neuenmarkt. Treni moja huondoka ikiwa mbili zilizofungwa pamoja; kituoni hukatwa, na kila nusu hushika njia yake. Jina lililo kwenye ubao wa jukwaani ni la treni nzima, lakini jina la nusu uliyomo limeandikwa ubavuni mwa behewa na kwenye kioo kidogo cha ndani, juu ya mlango. Nilikuwa nimekaa chini ya kioo hicho kwa muda wote, kinasema Hof, nami sikukitazama.

Niliteremka Münchberg, mji mdogo mtulivu, nikangoja karibu saa nzima kwenye baridi ambayo wao waliihesabu kuwa ni hewa nzuri ya machipuko, nikapanda treni ya kurudi na kufika Bayreuth jioni. Bahasha ile ninayo mpaka leo. Tangu siku ile sikupanda treni yoyote kabla sijauliza swali moja nililofundishwa na rafiki yangu usiku uleule, kwamba sehemu hii ya treni inakwenda wapi, na nikajifunza maneno manne ambayo ninayahesabu kuwa na thamani kuliko kamusi nzima: vorderer Zugteil, yaani sehemu ya mbele, na hinterer Zugteil, sehemu ya nyuma. Ukiyasikia katika tangazo, simama uulize.

Bayreuth ilinikaribisha vizuri. Chuo kikuu chake kinasomesha Kiswahili, na Iwalewahaus, nyumba ya sanaa za Kiafrika iliyofunguliwa mwaka 1981, ni mahali pa kukaa nusu siku bila ya kuchoka. Lakini usiku wa pili tulikaa na simu kupanga njia iliyobaki, na hapo ndipo nilipopata ujanja ambao ningeupenda kila msafiri aujue. Programu ya ratiba ina sehemu ya kuchagua treni za mikoa peke yake, ili isikuonyeshe zile ambazo tiketi yako haizifikii; na ina sehemu nyingine, imejificha kidogo, ya kuweka muda wa chini wa kubadilishia treni. Ukiiacha kama ilivyo, itakupa mabadiliko ya dakika nne au tano, na treni ya kwanza ikichelewa kidogo tu basi mnyororo wote umekatika. Mimi niliweka dakika 20. Safari zikawa ndefu zaidi kwenye karatasi na fupi zaidi kwa kweli.

Kwa njia hiyo nilikwenda Leipzig kupitia Hof na Zwickau, nikiupanda tena mlima ule, mara hii kwa hiari yangu. Kabla ya Reichenbach treni inavuka Göltzschtalbrücke, daraja kubwa kuliko yote duniani lililojengwa kwa matofali: kiasi cha matofali milioni 26, urefu wa mita 574 na kimo cha mita 78, lilijengwa kati ya 1846 na 1851. Ukiwa ndani ya treni hulioni daraja lenyewe. Unaona tu nyumba zimekuwa ndogo ghafla chini yako. Simama dirishani, kwa sababu halichukui hata dakika moja.

Leipzig nilipokelewa na ami yangu, rafiki wa marehemu baba, aliyetoka Unguja akiwa kijana baada ya Zanzibar kuitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964 na vijana wetu kuanza kupelekwa kusoma huko. Alinisubiri katika ukumbi wa kituo kikuu, jengo lililokamilika mwaka 1915 ambalo ni miongoni mwa vituo vikubwa kabisa vya Ulaya, amevaa kofia yake ya viua. Nilipomwamkia "Shikamoo, ami," alinyamaza kwanza, kisha akaitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ambayo nilidhani ni ya baba. Siku tatu nilizokaa kwake sikuona mengi ya mji. Tulikaa jikoni, akinusa karafuu na kuniuliza nani yuko hai na nani amekufa.

Kutoka Leipzig hadi Hamburg nilipita Halle, Magdeburg na Uelzen, siku nzima, na sijutii. Kituo cha Uelzen kilipambwa upya kwa michoro ya msanii Hundertwasser, kikafunguliwa mwaka 2000, nguzo zake za rangi hazifanani hata moja na nyingine. Zile dakika zangu 20 za kungojea hapo zilikuwa chache.

Hamburg nilikuwa na ziara mbili: kwa shoga yangu anayeuguza wazee, na kwa Bibi Salme. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844 na kuondoka kwetu mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akawa Emily Ruete, akafiwa na mumewe mwaka 1870, akafariki Jena mwaka 1924, amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, ambayo ni makubwa hata yana mabasi yake ya ndani. Ili kufika Ohlsdorf unapanda treni ya mjini ya S1. Shoga yangu alinieleza njiani, kama jambo la kawaida tu, kwamba S1 hukatwa Ohlsdorf: mabehewa ya mbele huenda uwanja wa ndege, ya nyuma huenda Poppenbüttel. Nilishika mkono wake. Sisi tulikuwa tunateremka hapo kwa vyovyote, lakini mbele yetu, katika behewa la nyuma, alikaa mama mmoja na mabegi makubwa mawili yenye karatasi za shirika la ndege. Nikamwonyesha kwa kidole mabehewa ya mbele, nikamwambia kwa Kijerumani changu cha wiki mbili: uwanja wa ndege, mbele, hii nyuma. Alitazama kioo, akaruka. Tulimsaidia kuyasukuma mabegi jukwaani kituo kilichofuata, na alipoingia behewa la mbele alinipungia mkono mpaka milango ikafungwa.

Kaburini niliweka punje saba za karafuu. Shoga yangu alisoma jina kwa sauti, nami nikasoma Fatiha kwa ajili ya wazee wangu wote waliozikwa mbali na kwao.

Köln nilifika kupitia Bremen, Osnabrück na Münster, nikachelewa saa moja na nusu kwa treni iliyofutwa, jambo ambalo mwenyeji wangu alilipokea kwa utulivu kwa sababu alikwishaweka wali wa nazi motoni kwa kuchelewa vilevile. Kanisa kuu la mji limesimama mlangoni mwa kituo, minara ya mita 157, ulianza ujenzi mwaka 1248 na ukakamilika 1880. Hakuna haja ya kulitafuta.

Kwa safari ya mwisho, ya kurudi Frankfurt kupitia Koblenz na Mainz, kaa upande wa kushoto wa treni ukitazama mbele, kwa kuwa mto Rhine uko upande huo, pamoja na ngome zake na mwamba wa Loreley ng'ambo. Nilikuwa nimekaa upande huo, tiketi imesitishwa, kioo cha juu ya mlango nimekisoma mara mbili, mpwa wangu aliponipigia simu kuniuliza kama nililala vizuri katika treni za Wajerumani. Nilianza kumweleza habari za Neuenmarkt tulipopita Bingen, na tulipoingia Frankfurt alikuwa bado ananisikiliza.