Jinsi nilivyompata mbunifu wa michoro wa muda, baada ya kuliwa hela

Tuko watatu tu, tunatengeneza programu ya mauzo kwa wenye maduka Kariakoo. Programu tunaiandika wenyewe. Michoro yetu, tuseme ukweli, ilitia aibu.

Mbunifu wa kwanza nilimlipa zote mapema. Akaleta nembo ya JPEG, nzuri kwenye simu, ila ukiikuza kwa bango inachakaa kama gazeti lililolowa. Faili za asili? Simu hapokei.

Safari ya pili niliandika kazi yenyewe: aikoni ya Play Store ya pikseli 512 kwa 512, bango la ukurasa wetu humo la 1024 kwa 500, na skrini moja ya risiti. Waombaji watatu wakaichora skrini hiyo kama jaribio, na wote nikawalipa. Kumfanyisha mtu kazi bure ni dhuluma. Niliyemchagua hakuwa na michoro ya kung'aa kuliko wenzake. Ni yeye pekee aliyeuliza muuzaji anashika simu kwa mkono gani.

Tukaandikiana: kazi Jumanne na Alhamisi, nusu ya malipo mwanzoni, nusu akikabidhi faili za SVG, zile za asili zinazokuzwa bila kuchakaa. Marekebisho mawili bure, la tatu linalipiwa. Tangu hapo nimeacha kubadili rangi kila usiku.