Tafakari ya Juma: Kilio Kimoja, Wageni Wawili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wana-Dar wenye vishamba vya mahindi Morogoro mnakijua kiduha: kimmea cha shibiri moja, ua dogo jekundu, zuri kweli. Fangasi wa mizizini hamumwoni, maana nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Wote wawili huja kwa wito mmoja.

Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni. Ndicho kilio chake cha njaa. Tangu 1966 wataalamu walijua kwamba huamsha mbegu ya kiduha. 2005 ndipo ilipobainika kuwa humwita fangasi pia.

Mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, huvumilia ardhini miaka zaidi ya 10. Ikishalowa wiki moja au mbili, na mzizi ukapita milimita chache tu kutoka ilipo, huota, hujibandika na kufyonza. Mahindi hunyauka kana kwamba ni kiangazi, na udongo una maji! Kiduha kikichomoza, madhara mengi yameshafanyika chini. Tena kina majani yake ya kijani.

Fangasi naye hula sukari ya mahindi, tusimfanye malaika. Ila nyuzi zake hufika mbali kuliko mzizi, na hurudi na fosforasi.

Ng'oeni kiduha kabla hakijachanua, kwani mmea mmoja huweza kumwaga mbegu 50,000. Kilichochanua kichomwe, kikiachwa shambani mbegu hukomaa hivyo hivyo. Wekeni samadi: mahindi yaliyoshiba hulia kidogo. Msimu mwingine pandeni pamba, ambayo huamsha mbegu hizo lakini hazipati pa kujishika, zikafa. Na msipindue udongo sana, mnakata nyuzi za fangasi.

Sasa mama wa nyumba ya tatu amefiwa, au hana ada ya mtoto. Wakopeshaji wa kausha damu wameshasikia na wameshabisha hodi. Jumuiya yetu hufika siku ya ngapi? “Mchukuliane mizigo” (Wagalatia 6:2): ni kuchukuliana, kwa hiyo anayepokea leo asione haya, naye ana cha kutoa.

Jumamosi kila nyumba ije na jirani mmoja aliyebanwa na mkopo, kwa ridhaa yake, na tujue anadaiwa shilingi ngapi na rejesho linalofuata ni lini.