Kumbukumbu za chama, zimepitia kwenye kontena

Kisumu, Jumapili usiku

Kumbukumbu za mkutano wa chama nimemaliza kuziandika, na kama kawaida ni maandishi matupu: alama ya reli (#) mbele ya vichwa, vistari mbele ya hoja, basi. Faili nzima ni kilobaiti chache. Lakini wazee wa kamati hawataki kuona alama za reli. Wanataka karatasi safi, itoke pale saiba ya Kondele vilevile nilivyoiona mimi kwenye kioo. Kwa hilo PDF haina mpinzani.

Kazi ya kugeuza naiachia Pandoc, programu iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwalimu wa falsafa huko Berkeley, Marekani. (Mwanafalsafa! Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.) Ila ikifika kwenye PDF, Pandoc kwa kawaida huitegemea LaTeX, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa, na LaTeX kamili hula gigabaiti kadhaa. Laptop yangu haimudu mgeni wa namna hiyo. Basi zote mbili, LaTeX ikiwa imepunguzwa, nimezishusha ndani ya imeji moja (kifurushi cha programu) ya Docker, chombo kinachoendesha programu ndani ya kisanduku kilichotengwa kiitwacho kontena, kwa bando la usiku, na sasa hata intaneti ikipotea kazi inaendelea:

docker run --rm -v "$(pwd)":/data pandoc/latex kumbukumbu.md -o kumbukumbu.pdf

Ile -v hulifungulia kontena folda niliyomo, si nyingine. --rm hulifuta likishamaliza. Kwenye Linux naongeza --user $(id -u):$(id -g), la sivyo PDF huzaliwa ikiwa mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, si yangu.

Kilichonisumbua zaidi ni ukataji wa maneno. LaTeX isipoambiwa lugha, hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, na mzee anayesoma kwa sauti mbele ya wanachama hukwama katikati ya silabi. Nimeuzima kabisa. Mistari sasa ina mapengo hapa na pale, sijali.

Mwakani nakabidhi ukatibu. Atakayenipokea nitampa folda ya maandishi, mstari ule wa amri, na namba ya toleo la imeji, maana asipoitaja namba hiyo, Docker humpa lililo jipya siku hiyo na kurasa zinaweza kuhama. Akiamua kurudi kwa Word, shauri yake.