Kabla ya Kununua Diski, Uliza ni Nakala Ipi

Filamu ya zamani ikishapita mikononi mwa wasambazaji, wadhibiti, vituo vya televisheni na wauza kanda, huwa haibaki moja tena. Hukatwa hapa, hufupishwa pale, hubadilishiwa lugha, hupunguzwa pembeni ili ijae kwenye kioo cha televisheni, na kila nakala iliyopatikana kwa njia hiyo huzaa nyingine, hadi mtu anayeitazama miaka hamsini baadaye anajikuta akihukumu kazi ambayo mwongozaji wake asingeitambua. Ndiyo maana sisi tunaokusanya filamu za zamani, pamoja na zile za sanaa ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya soko kubwa, hatuulizani kwanza una filamu gani, bali una nakala ipi. Ninaishi Jinja, ninakusanya DVD na Blu-ray (diski zenye picha safi kuliko DVD), na nataka kueleza kwa nini swali hilo lina uzito wa pekee kwetu Uganda, kwa kuwa baadhi ya mifano yake iliyo wazi kabisa inatoka hapahapa nchini.

Mfano wa kwanza ni filamu ya Barbet Schroeder ya mwaka 1974, General Idi Amin Dada: A Self Portrait, iliyopigwa picha na Néstor Almendros. Amin aliikubali kwa moyo wote, akapanga mwenyewe matukio mengi yanayoonekana ndani yake, na hata kodiani inayosikika humo ameipiga yeye. Filamu ilipoanza kuonyeshwa Ulaya, alidai vipande vya takriban dakika mbili na nusu viondolewe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waliokuwa wakiishi Uganda walikusanywa katika hoteli moja mjini Kampala wakiwa chini ya ulinzi wa askari, na mwongozaji akalazimika kukata. Vipande hivyo vilirudishwa baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979. Maana yake ni kwamba nakala za kipindi kile zilihaririwa na mhusika mwenyewe kwa kutumia maisha ya watu wasiohusika, na muuzaji anayekupakulia faili lisilojulikana lilikotoka hana namna ya kukuhakikishia kama anakupa hiyo au ile kamili. Mimi ninatumia DVD iliyotolewa mwaka 2002 na Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za aina hii.

Kuna sehemu ninayoirudia mara nyingi, nayo ni kikao cha baraza la mawaziri. Amin anazungumza mfululizo, anaonya, anaagiza, huku kamera ya Almendros ikimwacha na kupita polepole juu ya nyuso za mawaziri walioinamia karatasi zao. Waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga, anakosolewa mbele ya wenzake. Aliuawa mwaka huohuo wa 1974. Nikisimamisha picha hapo naona kalamu zinavyoshikwa, naona mtu anayeandika bila kuinua macho na mwingine anayeinua macho kisha akayashusha upesi. Nimeiona sehemu hiyohiyo kwenye simu ya rafiki, katika faili lililobanwa sana, na nyuso zile zilikuwa zimegeuka vibonge vya rangi visivyo na macho wala midomo. Hadithi ilikuwepo, lakini ushahidi wake ulikuwa umefutika.

Mfano wa pili unahusu rangi. John Huston alipokuja Afrika mwaka 1951 kutengeneza The African Queen, alipiga baadhi ya sehemu Kongo na nyingine hapa Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na eneo la maporomoko ya Murchison, ingawa matukio mengi ya majini yalipigwa studioni London. Kamera ya Technicolor aliyoitumia mpigapicha Jack Cardiff ilikuwa mashine kubwa na nzito iliyopitisha mikanda mitatu kwa wakati mmoja: kioo maalumu kiligawa mwanga, na kila mkanda, japokuwa wenyewe ulikuwa wa nyeusi na nyeupe, ukahifadhi rangi moja kati ya nyekundu, kijani na buluu. Miaka inavyopita, mikanda hiyo husinyaa kwa viwango tofauti, hivyo ikiunganishwa tena kila umbo huota ukingo wa rangi pembeni. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoifahamu filamu hiyo kwenye kanda za video, maji yakiwa ya kahawia tupu na nyuso zikiwa na vivuli vya kijani. Kwa ajili ya toleo la mwaka 2010 mikanda yote mitatu iliskaniwa upya na kulinganishwa kwa kompyuta, na tofauti yake inaonekana hata na mtu asiyejali mambo haya. Matete ya kando ya mto yana kijani cha aina nyingi, na jua linalompiga Humphrey Bogart shingoni ni jua la Uganda ninalolijua.

Filamu hiyo ina urefu wa dakika 105, na hapa ningependa kumtahadharisha mnunuzi mgeni. DVD za mfumo wa PAL, ambao ni wa Uingereza na wa kwetu pia, huonyesha fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde badala ya 24 za sinema, hivyo filamu ileile huisha baada ya dakika 101 hivi bila kukatwa hata neno moja, na sauti za waigizaji hupanda kidogo. Anayesoma namba nyuma ya kasha bila kulijua hilo hudhani ameuziwa nakala iliyokatwa. Blu-ray kwa kawaida huonyesha fremu 24 kama zilivyopigwa. Jambo jingine ni umbo la picha: filamu za miaka ile zina picha inayokaribia mraba, na televisheni za leo ni pana, kwa hiyo ukiona nafasi nyeusi kulia na kushoto ziache zilivyo. Katika hoteli na saluni nyingi picha huvutwa ijaze kioo, na watu wote huonekana wafupi na wanene. Jambo hilo hunikera kwelikweli, kwa sababu marekebisho yake ni kitufe kimoja tu kwenye rimoti.

Kuhusu upatikanaji, hali yetu ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Watengenezaji wa DVD waligawa dunia katika maeneo sita, na Uganda ikawekwa eneo la 5 pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ambako matoleo ya filamu za aina hii ni haba. Hata hivyo deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kampala husoma DVD ya eneo lolote. Kwenye Blu-ray maeneo ni matatu, na Afrika iko pamoja na Ulaya katika eneo B. Kwa hiyo diski za Uingereza, kama za BFI (taasisi ya filamu ya huko) na za kampuni za Eureka na Arrow, huchezwa hapa Jinja moja kwa moja kama zinavyochezwa London, na ndugu anayekuja likizo anaweza kukubebea kadhaa kwenye begi bila taabu. Diski za Marekani, ambazo nyingi ni za eneo A, deki ya kawaida ya hapa huzikataa.

Kwa njia hiyo ya Uingereza ndivyo nilivyompata Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal. Toleo la BFI la mwaka 2015 lina La Noire de... ya mwaka 1966 pamoja na Borom Sarret ya mwaka 1963, zote zikiwa zimekarabatiwa. Lakini filamu ninayoipenda kuliko zote kwenye rafu yangu ni Mandabi ya mwaka 1968, iliyotolewa kwenye Blu-ray na StudioCanal mwaka 2021. Sembène aliipiga mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu, na nakala ya Kiwolofu ndiyo unayopaswa kuitafuta, kwa sababu majirani wa Dakar wanaokuja kukopa mchele, wake wawili wa Ibrahima Dieng wanaomtania na kumpoza, na yeye mwenyewe anayejivuna kisha akanywea, wote wanazungumza lugha yao ya nyumbani. Dieng ametumiwa fedha na mpwa wake aliyeko Paris kwa hati ya posta. Kuzichukua kunahitaji kitambulisho. Kitambulisho kinahitaji cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Na kila dirisha analolifikia linamwelekeza kwenye dirisha jingine.

Niliitazama na mjomba wangu, ambaye alifanya kazi kaunta ya posta enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Kiswahili chake ni cha watumishi wa Jumuiya, kilichonyooka na chenye adabu. Maandishi ya tafsiri kwenye diski ni ya Kiingereza na yanapita haraka kuliko macho yake, kwa hiyo nilikaa kando yake nikimtafsiria. Dieng alipofika dirishani mara ya kwanza na karani akamuuliza kitambulisho, mjomba alinyoosha mkono.

"Simamisha hapo, mpwa wangu," alisema. "Hebu mwangalie huyo karani. Si mtu mbaya. Amechoka tu."

Kisha akanieleza kwamba watu kama Dieng walikuja kwake kila mwisho wa mwezi. Fedha imetumwa na mtoto anayefanya kazi Nairobi au Mombasa, jina lililoandikwa kwenye hati ni la ubatizo, jina ambalo mzee anajulikana nalo kijijini ni la ukoo, na kijana wa kaunta ndiye anayelazimika kumwambia mtu wa makamo ya baba yake kwamba hajathibitisha kuwa yeye ni yeye. Tulikaa na picha ile imesimama kwa muda mrefu. Nami nilikuwa nikiwaza laini za simu zinazosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na fedha za wazazi wetu zinazopita humo, na vijijini ambako herufi moja iliyokosewa kwenye kadi inamsafirisha bibi kizee hadi makao makuu ya wilaya. Sidhani kama kuna filamu nyingine ya mwaka 1968, ya nchi yoyote, inayotufahamu namna hiyo.

Kumtafsiria mtu filamu huku inaendelea ni desturi yetu ya siku nyingi. Kwenye vibanda vya video, VJ, yaani mtangazaji wa filamu, hushika maikrofoni akaifasiri kwa Kiluganda, akaongeza ya kwake, na watazamaji wengine humfuata yeye kuliko waigizaji. Isaac Nabwana, mwongozaji wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, aliichukua sauti hiyo akaiweka ndani ya filamu zake mwenyewe, na Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 imetazamwa duniani kote ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Lakini mafaili ya awali ya filamu hiyo yalifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya kazi iliyofuata, na kilichobaki ni nakala ile yenye maelezo ya VJ. Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo. Filamu za kina Sembène zilisafishwa katika maabara za Ulaya, jambo ambalo lina uchungu wake, lakini negativi, yaani mikanda ya asili iliyopita kwenye kamera, zikasalia. Ndizo zinazowezesha kazi kama ya mradi wa urithi wa filamu za Afrika ulioanzishwa mwaka 2017 na Film Foundation, FEPACI (shirikisho la watengenezaji wa filamu wa Afrika) na UNESCO, wenye lengo la kukarabati filamu 50. Filamu za Uganda zilizozaliwa kwenye kompyuta hazina negativi ya kurudia. Zikikosa nakala nzuri leo, hakuna maabara itakayozikarabati kesho.

Kwa sababu hiyo nikikutana na mtengenezaji wa filamu wa hapa anayeuza diski yake, hununua kwake, hata ikiwa ni diski iliyochomwa nyumbani. Diski ya kiwandani hugongwa alama zake kwenye plastiki, lakini ile ya kuchoma huandikwa kwenye tabaka la rangi linalofifia kwa joto na mwanga, kwa hiyo siku hiyohiyo huinakili kwenye diski kuu mbili na kuiweka nyingine nje ya nyumba yangu. Diski zangu zote huzisimamisha wima kwenye makasha, mbali na dirisha, na zikipata vumbi huzifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwa kuwa mkwaruzo unaofuata mduara huisumbua deki katika kusoma kuliko unaoukata.

Kazi iliyo mezani kwangu sasa ni tafsiri ya Kiswahili ya Mandabi. Faili la tafsiri ni maandishi matupu: namba, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na sentensi isiyozidi mistari miwili. Mjomba hupitia kila ukurasa kwa kalamu nyekundu, hasa maneno ya posta, ambayo anayajua kuliko kamusi. Baada yake tunataka kufanya Xala, filamu nyingine ya Sembène ya mwaka 1975, ambayo Criterion waliitoa mwaka 2024 katika sanduku moja na filamu zake nyingine mbili, Emitaï na Ceddo. Sanduku hilo ni la Marekani, la eneo A, kwa hiyo ninaweka akiba ya deki inayosoma maeneo yote. Mwenye kujua duka la Kampala linaloiuza ikiwa mpya na yenye dhamana, naomba aniandikie.