Rangi za Ramani na Safu Inayozitawala

Wiki iliyopita nilichukua tabaka (faili la ramani lenye maumbo) la mikoa 26 ya Tanzania Bara, nikaliunganisha na matokeo ya Sensa ya mwaka 2022 katika QGIS, programu ya kutengeneza ramani, kisha nikapaka kila mkoa rangi kulingana na safu ya idadi ya watu iliyomo katika jedwali la sifa, yaani jedwali lenye takwimu za kila mkoa. Ramani iliyotoka ilipendeza, lakini ilipotosha. Mkoa wa Mwanza, wenye watu 3,699,872, na ule wa Tabora, wenye watu 3,391,679, ilipata wekundu ule ule, ilhali Tabora ina zaidi ya kilomita za mraba 70,000 na nchi kavu ya Mwanza haifiki 10,000. Kwa kuwa jicho huvutwa na upana wa eneo, msomaji angeamini kwamba Tabora ndiko watu walikobanana.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba idadi tupu ionyeshwe kwa duara linalokua kadiri idadi inavyokua, na rangi ya kujaza eneo iachiwe msongamano, yaani watu kwa kilomita ya mraba. QGIS hukubali hesabu hiyo ya kugawa idadi kwa eneo iandikwe mahali pa jina la safu, bila kuligusa jedwali.

Kazi ngumu ni kupanga madaraja, yaani makundi ya msongamano ambayo kila moja hupewa rangi yake. Nilipoagiza madaraja matano yenye upana sawa, Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya 3,800 kwa kilomita ya mraba, ilibaki peke yake juu, mikoa 25 ikarundikana daraja la chini, na madaraja matatu ya kati yakawa matupu. Nilipoagiza kila daraja liwe na idadi sawa ya mikoa, Dar es Salaam ikawekwa pamoja na mikoa ambayo haifikii hata robo ya msongamano wake. Hatimaye niliandika mipaka ya madaraja kwa mkono: 25, 50, 100, 200 na 1,000, kwa rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, kwa sababu wako wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Hata hapo Mwanza ilikuwa imepauka kuliko inavyostahili, kwa kuwa poligoni yake, yaani umbo la mkoa kwenye ramani, ilimeza sehemu kubwa ya Ziwa Victoria na maji yakahesabiwa kama makazi. Nilikata ziwa, nikakokotoa eneo upya, na mkoa ukapanda daraja moja.