Jioni ya kumchagua msemaji

Binti yangu alikuwa anasoma habari za Wangari Maathai kwa kazi ya shule. Akafika mwaka 1989, pale Wangari anapopinga lile jengo refu ndani ya Uhuru Park, wabunge wanamkejeli bungeni na shirika lake linafurushwa ofisini. Akainua kichwa. "Mama, kumbe hawakumpenda?" Nikamwambia wengi hawakumpenda, na Nobel ilikuja 2004, miaka 15 baadaye. Akafikiri kidogo. "Na wewe walikupenda?"

Nikamjibu kwamba wapo walionipenda. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi sikuridhika, na usiku ule usingizi ulikataa. Nilikuwa nimerudi kwenye kile kikao cha harakati yetu ya kupinga nyumba zetu kubomolewa.

Habari yote ya ubomoaji sitaianza hapa. Nyumba zilikuwa zimeshachorwa X nyekundu. Barua yetu yenye saini za wakazi ilikuwa imepelekwa na kurudishwa. Tulibakiwa na mkutano mmoja na waandishi wa habari kabla ya matingatinga, na msemaji nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua. Siku ya kwanza watu walinyamaza, nikasema mimi, basi nikaendelea kusema.

Jambo lenyewe lililetwa kwenye mengineyo. Aliyewahi kukaa kwenye vikao anajua kwamba mazito hufichwa huko, watu wakiwa wamechoka na kila mmoja anaangalia mlango. Mwenyekiti, mzee mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasafisha koo. "Mwanangu, hapa hakuna anayekukataa. Ila watu wakikuona kwenye runinga wanachoka. Unafoka. Diwani amesema yuko tayari kutusikiliza, lakini si kupitia kwako."

Nikauliza kama diwani ndiye anayetuchagulia msemaji. Hakuna aliyejibu. Mama Katibu akaweka kalamu chini. "Mimi na wewe hatuivi chungu kimoja, kila mtu hapa anajua," akasema. "Kwa hiyo sitajifanya. Unawakatiza watu. Unawaaibisha wenzako mbele ya wageni. Mtu anayetaka kujiunga nasi akikusikia wewe kwanza, haji."

Maneno yale yaliniuma, lakini yalikuwa wazi. Yaliyoniuma zaidi yalitoka kwa kijana wetu mmoja msomi, aliyesema kwa upole kabisa. Akatukumbusha Montgomery, Marekani, 1955, watu weusi walipopinga ubaguzi kwenye mabasi na Rosa Parks akawa sura ya mapambano hayo. Kabla ya Rosa Parks, alisema, kulikuwa na msichana aliyekataa kumpisha mzungu kiti kwenye basi, lakini viongozi wakaona hafai kuwa sura ya mapambano. Walitaka mtu ambaye wapinzani watakosa pa kumtia doa. Wakampata, wakashinda. Akanitazama kwa huruma, kama vile amenipa zawadi.

Nilisimama. "Msichana huyo ana jina," nikasema. "Anaitwa Claudette Colvin. Alikuwa na miaka 15, na alikamatwa Machi 2, miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Na kesi iliyouvunja ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery haikuwa ya Rosa Parks. Ilikuwa Browder dhidi ya Gayle, mwaka 1956, na Colvin alikuwa mmoja wa wanawake wanne walioshtaki. Alipotafutwa wa kupendwa, hakufaa. Alipotafutwa wa kusimama mahakamani na kuhojiwa na mawakili, alifaa."

Bila shaka nilikuwa nafoka.

Mwenyekiti akaomba wanaokubali msemaji mpya wanyooshe mikono. Wa kwanza walikuwa wale niliowatarajia, na sikuwa na neno nao. Kisha ukanyooka mkono wa jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye barua ile ya saini tuliizungusha pamoja nyumba kwa nyumba. Halafu wa kijana msomi. Halafu pakawa na kimya, na watu wakaanza kumtazama rafiki yangu, yule niliyekuwa namweleza mambo ambayo hata mama yangu sikumweleza. Alikuwa ameinamia meza. Aliunyoosha mkono nusu, kiwiko kikiwa bado juu ya meza, vidole vimekunjwa. Aliponitazama macho yake yalikuwa mekundu, na mkono haukushuka.

Wakati ule wote nilikuwa namtafuta Randolph chumbani. Mwaka 1963, maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za watu weusi yalipokuwa yanaandaliwa, aliyejua kazi hiyo kuliko wote alikuwa Bayard Rustin. Lakini Rustin alipenda wanaume wenzake, ujanani alikuwa katika umoja wa vijana wa kikomunisti, na alishafungwa kwa kukataa kwenda vitani. Roy Wilkins wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, hakutaka aongoze. Mzee A. Philip Randolph akasema basi mkurugenzi nitakuwa mimi, na naibu nitamchagua mwenyewe, akamchagua Rustin. Agosti ile seneta Strom Thurmond alipomshambulia Rustin ndani ya Seneti, Randolph hakurudi nyuma. Agosti 28 wakaja watu wapatao 250,000. Hadithi hiyo nilikuwa nimeisoma na kuipenda mno, na nadhani niliingia kwenye harakati nikiamini kwamba kila chumba kina Randolph wake. Sikuwa nimeuzingatia vya kutosha mwaka 1960, pale mbunge Adam Clayton Powell alipotishia kumzulia kashfa Martin Luther King, na Rustin huyohuyo, aliyekuwa akimsaidia King, akaachwa aondoke.

"Wanaopinga?" Mwenyekiti akauliza. Hakuna. Mkono wangu niliuacha mapajani. Kujipigia kura katika jambo la kama napendeka niliona ni kujidhalilisha.

"Basi Katibu, andika: imepitishwa kwa kauli moja."

Mama Katibu hakuandika. "Siandiki kauli moja," akasema. "Mwenzetu mwenyewe hajanyoosha mkono. Nitaandika imepitishwa na wengi, naye hakukubali." Mwenyekiti akasema hayo ni madogo. Akajibu kwamba kumbukumbu za kikao si mahali pa kumfurahisha mtu. Akaandika alivyosema, akatusomea kwa sauti, akafunga daftari.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Msemaji mpya aliongea vizuri, kwa heshima, na diwani alitabasamu mbele ya kamera. Matingatinga yalikuja vilevile. Sisemi kwamba mimi ningeyazuia, huenda yangekuja mapema zaidi. Asubuhi ile tulikaa chini barabarani, tukabebwa, na usiku dhamana ilipopatikana majina yakasomwa yote isipokuwa langu, kwa madai kwamba nilimtukana askari. Wenzangu wakatoka mmoja mmoja, wakinibana bega. Mama Katibu alipopewa karatasi atie saini, akauliza yangu iko wapi. Akaambiwa hiyo haimhusu. Akarudi kwenye sakafu ya mahabusu, akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa miguu. Tulitoka pamoja kesho yake adhuhuri, na katika saa zote hizo aliniambia neno moja tu, nisogee.

Rafiki yangu alinitumia ujumbe mrefu wa kunililia. Alikuwa na mtoto mchanga, simlaumu, na machozi yake naamini yalikuwa ya kweli. Kijana msomi alichanga pesa za wakili. Na kikao kilichofuata, nilipoomba suala la msemaji lijadiliwe upya, aliyepinga wa kwanza alikuwa Mama Katibu, kwa sababu zilezile na maneno yaleyale.

Nimejaribu mara nyingi kuyapanga mambo haya yakae sawa. Najua kupendwa na umma si kipimo. Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 1966, King akiwa ameongoza maandamano ya haki ya makazi kule Chicago, ilionyesha 63% ya Wamarekani hawamtazami vizuri. Mwaka 2011 waliomtazama vizuri walikuwa 94%. Lakini namba hizo ni za watu wa nje. Hazigusi kile kiwiko mezani. Chuki ya diwani niliibeba bila taabu, hata ilinipa nguvu. Ya wenzangu ilinilaza kitandani. Na yule aliyenitetea hasa hakunipenda kabla, wala baadaye, na nilikuwa salama mikononi mwake kuliko mikononi mwa walionipenda. Hapo nakwama, kwa maana harakati ya akina Mama Katibu watupu nisingeiweza hata mwezi. Nilihitaji pia wa kunililia.

Mwaka jana vijana wa harakati nyingine waliniita niwasaidie kumpata msemaji. Walikuwa na majina mawili: mmoja mpole, anaongea kwa mpangilio, na mmoja mkali ambaye ndiye alianza yote. Walishaamua, walitaka tu mtu mzima awabariki. Sikubisha uamuzi wao, sababu zao zilikuwa nzuri. Niliuliza huyo mwingine ameambiwa nini, na nani, na akikamatwa kesho ni nani kati yao ataacha kutia saini. Wakatazamana. Hawakuwa wamelifikia hilo. Tukaliweka mezani, sio kwenye mengineyo, na wakamwita yeye mwenyewe aingie. Alikuwa na mengi ya kusema, na aliyasema kwa sauti ya juu sana. Nilipoondoka walikuwa bado hawajakubaliana.