Siku moja ya admini wa kundi la wafugaji kuku WhatsApp

Saa 11 alfajiri. Nasoma ujumbe wote wa usiku kabla ya kujibu hata mmoja, nikitafuta vitu viwili: kuku wanaokufa na namba ngeni. Picha za maua zenye "asubuhi njema" nazifuta. WhatsApp huwaonyesha wote kwamba admini amefuta, kwa hiyo mhusika nampa sababu faragha muda huohuo, asijione amedharauliwa. Salamu zikirundikana, swali la mwenye kuku wagonjwa linazama.

Saa 1 asubuhi. "Kuku wanakufa, nisaidieni." Kanuni yetu inadai umri, idadi, vifo vimeanza lini, chanjo walizopata na tarehe zake, na picha ya kinyesi iliyopigwa kwenye mwanga wa mchana. Namtumia maswali hayo ajaze, bila karipio, maana amechanganyikiwa. Wengine huona ni usumbufu, lakini kinyesi cha kijani peke yake hakithibitishi ugonjwa wa kideri (Newcastle). Kuku aliyeacha kula kwa ugonjwa mwingine naye hunya kijani. Kifaranga wa wiki nne anayehara damu, hapo tunafikiria kwanza koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Bila umri na chanjo, kila mtu atataja dawa yake. Ndiyo sababu kipimo cha antibayotiki hutajwa na mtaalamu wa mifugo tu. Kideri husababishwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mfugaji atapoteza hela na kuku pia.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Aliye kazini hawezi kusikiliza, na mwezi ujao hakuna atakayeweza kuutafuta kwa neno.

Saa 4. Taarifa ya msiba wa mwenzetu. Hapa makundi mengi hukosea: ama yanakataza pole, ama yanaziacha zifunike kila kitu. Kukataza rambirambi ni ukatili, na watu wakiondoka kwa hilo wana haki. Taarifa tunaiweka mara moja, tunaibandika juu kwa saa 24, na wanachama wanaweka alama ya mikono kwenye ujumbe uleule. Anayetaka kuandika zaidi anaenda kundi dogo la misiba. Mchango unaratibiwa hukohuko, na namba ya mweka hazina inaandikwa pamoja na jina litakalotokea mtu akituma pesa.

Saa 7 mchana. Maombi ya kujiunga. Kila mmoja namuuliza anafugia wapi na kuku wa aina gani. Asiyejibu haingii, kwa sababu akishaingia anaona namba za wote. Tapeli huweka picha na jina la admini, kisha huwafuata watu faragha akitaka kianzio cha vifaranga. Picha na jina huigwa kirahisi, namba ni vigumu, basi namba za maadmini zimo kwenye maelezo ya kundi pamoja na onyo kwamba hatuombi pesa faragha. Kiungo cha kujiunga kikionekana mitaani, nakifuta na kutengeneza kipya.

Matangazo ni Ijumaa, yakiwa na bei, mahali, umri na chanjo. Leo si Ijumaa, nimeondoa mawili.

Saa 12 jioni. Wawili wanarushiana maneno kuhusu chakula cha kuchanganya nyumbani. Nafunga kundi, waandike maadmini tu, kwa nusu saa. Mkubwa naanza naye faragha: "Shikamoo mzee wangu, naomba tuliachie hapo, uzoefu wako bado tunauhitaji." Ukimkosoa mtu mzima mbele ya vijana, atanyamaza moja kwa moja na mtapoteza ujuzi wake. Kijana naye nampigia simu. Maandishi huongeza hasira. Atakayerudia tusi baada ya onyo anatolewa, na kundi linaambiwa kanuni iliyovunjwa, bila simulizi.

Saa 3 usiku. Majibu ya leo yaliyothibitishwa na mtaalamu nayakusanya kwenye ujumbe mmoja, naubandika kwa siku 7. Wa kesho watauliza yaleyale, nao wataelekezwa hapo.